Mwendo wa Kufikia: Risasi ya Kumpigia Kulungu wa Mbali

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kuswali Isha, hapa Tudor, Mombasa, simu ilipolia na nikaona namba ya mpwa wangu aliyeko Nebraska, Marekani, ambako muda huo ilikuwa bado asubuhi. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, kisha akanyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Mjomba," akasema hatimaye, "nimemkosea yule mnyama." Nilidhani anamaanisha kwamba risasi yake ilipita pembeni. Sivyo. Alikuwa amempiga kulungu dume wa mkia mweupe jioni ya jana yake, kutoka umbali wa mita 410, na risasi ilikuwa imeingia mahali panapostahili, nyuma kidogo ya bega, palipo na mapafu. Mnyama alishtuka, akakimbilia kwenye vichaka vya mtoni, na giza likaingia. Walimtafuta kwa tochi hadi usiku, wakifuata matone ya damu yaliyokuwa machache mno, na asubuhi wakamkuta zaidi ya nusu kilomita kutoka pale alipopigwa, koyote, mbwamwitu wa huko, wameshamfungua tumbo. Tundu la kuingilia lilikuwa kama la msumari. Tundu la kutokea lilikuwa vivyo hivyo.

Nilimuuliza alitumia risasi gani, akanisomea maandishi ya kwenye kisanduku: .308 Winchester, kichwa cha shaba tupu, greni 150 (uzito wa karibu gramu 10), mwendo wa mita 860 kwa sekunde. Nikamuuliza mtutu wa bunduki yake una urefu gani. Akasema inchi 16. Hapo nikaanza kuelewa. Tangu usiku ule nimekuwa nikitaka kuandika makala haya, kwa sababu kosa lile halikuwa la mkono wala la jicho. Lilifanyika dukani, wiki mbili kabla ya msimu kufunguliwa, mbele ya rafu.

Kwanza niseme ninazungumza kutoka wapi. Sijawahi kumpiga mnyama hata mmoja katika nchi hii, wala sitafuti nafasi ya kufanya hivyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mji huu, ambao Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishukia mwezi Aprili 1909 akielekea bara na msafara wake mkubwa wa kuwinda, leo hauna mwindaji wa halali hata mmoja. Mimi ni mlenga shabaha. Kwa miaka mingi, kwa cheti halali, nimetoboa karatasi kwenye uwanja wa pwani ya kaskazini, na kwa sababu karatasi haiumii, kwa muda mrefu sikuwa na haja ya kufikiri juu ya kinachotokea baada ya risasi kufika. Nilijali ifike pale nilipotaka, basi. Simu ya mpwa wangu ndiyo iliyonilazimisha kusoma nusu ya pili ya elimu hii.

Lugha yetu yenyewe inatuchanganya kidogo mwanzoni. Tunasema "risasi" kwa kitu kizima, yaani ganda la shaba, baruti, fataki na kichwa, na tunasema "risasi" pia kwa kile kipande kidogo kinachoruka peke yake. Tena "risasi" ndilo jina la madini yenyewe, yale mazito na laini ambayo vichwa vya bunduki vimetengenezwa kwayo kwa karne nyingi. Kwa hiyo nitakapotaka kusema juu ya kile kinachoruka nitakiita kichwa, na nitakapotaka madini nitasema madini. Huyo mnyama naye nimemwita kulungu, kama wanavyofanya wengi, ingawa kulungu wa kwetu ana pembe zilizosokoteka na ni wa ukoo mwingine kabisa. Yule wa Marekani ana pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka.

Kichwa cha kuwindia hakifanyi kazi kwa kugonga. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hufikiri kwamba mnyama huanguka kwa sababu ya kishindo. Lakini kulungu wa kilo 80 hasukumwi na kitu cha gramu 10. Anakufa kwa sababu damu inamtoka upesi, au mapafu yanasinyaa, au uti wa mgongo umekatika. Ili damu itoke upesi, kichwa kinapaswa kuchanua ndani ya mwili: ncha yake ifunguke kama uyoga hadi upana wake ukaribie mara mbili ya ule wa awali, huku kikiendelea kupenya. Kisipochanua hupita kama sindano ndani ya nguo, na mnyama ataishi saa kadhaa za maumivu ambazo hakustahili. Kikichanua mapema mno, au kikavunjikavunjika, hukwama kwenye bega na hakifiki mapafuni. Kazi yote ya watengenezaji kwa zaidi ya miaka mia moja imekuwa kutafuta nafasi kati ya makosa hayo mawili.

Ajabu ni kwamba vitani sheria iko kinyume. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi zinazochanua mwilini mwa binadamu, baada ya zile zilizotengenezwa kwenye karakana ya Dum Dum karibu na Calcutta kuzusha malalamiko. Askari anapewa kichwa kilichofunikwa chote kwa shaba ngumu. Mwindaji akikitumia kichwa hichohicho kwa kulungu anafanya ukatili, na huko Uskoti, kwa mfano, sheria inamlazimisha atumie kinachochanua.

Sasa nifike kwenye jambo lililomponza mpwa wangu. Kichwa huchanua kwa sababu ya mwendo. Kinapoingia kwenye mwili, ambao sehemu yake kubwa ni maji, shinikizo kwenye ncha ndilo linaloifungua, na shinikizo hilo hupungua haraka mwendo unapopungua. Kila kichwa kina kiwango chake cha chini kabisa ambacho chini yake hakifunguki. Vichwa vingi vya shaba tupu, hasa vya miaka ya nyuma, vilihitaji kama mita 610 kwa sekunde. Vya sasa vimeshushwa hadi 550, na vingine chini ya hapo. Vile vya kawaida, vyenye madini laini ndani na ganda jembamba la shaba nje, huchanua vizuri kwenye 550. Vichache vilivyobuniwa makusudi kwa umbali mrefu vimetangazwa na watengenezaji wake kuwa hufunguka hata kwenye mita 400. Namba hiyo ndiyo ya kwanza kutafutwa, na mara nyingi ndiyo isiyoandikwa kwenye kisanduku. Inabidi uifuate kwa mtengenezaji mwenyewe.

Kilichoandikwa kwenye kisanduku ni mwendo wa kutokea mtutuni, na kwa kawaida hupimwa kwenye mtutu wa inchi 24. Mtutu mfupi haupi baruti nafasi ya kusukuma mpaka mwisho. Hesabu ya kawaida ni kwamba kila inchi inayokatwa hupunguza kama mita saba au nane kwa sekunde. Mpwa wangu alikuwa na inchi 16. Mita 860 za kisanduku kwake zilikuwa kama 805, na baadaye alipoazima kipima mwendo akakuta hivyohivyo. Kutoka hapo hewa nayo inachukua haki yake. Nilipopiga hesabu, kichwa chake kilikuwa kimeshuka chini ya mita 610 kabla ya kufika mita 270. Kwenye mita 410 kilikuwa kinakwenda kama mita 520 kwa sekunde, na mtengenezaji wake alikuwa ameandika wazi kwamba kinahitaji 610. Hata kama mtutu ungekuwa mrefu kama ule wa kiwandani, kisingefikia kiwango hicho. Mwanangu yule alilenga sawasawa, akabonyeza kifyatulio kwa utulivu, akapeleka msumari mita 410.

Tukitazama kwa kipimo cha nishati, ambacho ndicho kinachozungumzwa zaidi dukani, hakukuwa na tatizo. Sheria ya Nebraska inataka bunduki ya kulungu iwe na nishati isiyopungua jouli 1,220 hivi kwenye umbali wa mita 91, na ile risasi ilikuwa bado na zaidi ya jouli 1,300 ilipomfikia mnyama kwenye mita 410. Ndiyo maana siiamini sana nishati kama kipimo cha kuchagulia. Inakwambia kichwa kimebeba kiasi gani, lakini haikwambii kama kitaushusha mzigo huo ndani ya mnyama au kitapita nao hadi upande wa pili na kwenda kuutupa mchangani. Ningependa kila anayeuza risasi aandike ukutani mwendo wa kuchanua badala ya jouli.

Usiku ule tulizungumza karibu saa nzima, na kwa mwaka uliofuata tukawa tunapelekeana hesabu kama watoto wa shule. Swali lake la kwanza lilikuwa la kawaida: kwa nini basi asichukue kile kinachofunguka kwenye mwendo wa mita 400 kwa sekunde, akamaliza? Nilimjibu kwamba kichwa kinachofunguka kwa urahisi mbali hufunguka kwa fujo karibu. Kulungu hapangi miadi. Unaweza kujiandaa kwa mita 350, akatokea mita 40 kutoka ulipolala, na kichwa kilichotoka mtutuni na mita 820 kwa sekunde kikakutana na mfupa wa bega kikiwa na nguvu zake zote. Kile laini kitapasuka vipande, na nusu ya nyama ya mbele itakuwa ya kutupa, ikiwa mnyama atabahatika kufa haraka.

Tatizo hili ni la zamani. John Nosler wa Oregon alikwenda kuwinda kulungu mkubwa aitwaye musi huko Kanada mwaka 1946, na vichwa vyake vikavunjika kwenye ngozi iliyoganda matope bila kupenya ipasavyo. Akarudi karakanani, na kufikia 1948 akawa anauza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inachanua, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Baada yake wengine wakagundisha madini na ganda lake yasiachane, na wengine, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaondoa madini kabisa na kutengeneza kichwa cha shaba tupu chenye tundu kwenye ncha, kinachofunguka petali nne kama ua. Hivi vya mwisho karibu havipotezi uzito hata chembe. Ni vizuri sana, mradi vifike na mwendo.

Kuna vichwa vingine ambavyo huwadanganya wengi, navyo ni vile vya mashindano. Vina tundu dogo kwenye ncha, na mtu akiliona hudhani ni la kuchanulia. Tundu lile limebaki tu kutokana na namna ganda linavyotengenezwa, likivutwa kutoka kwenye kitako kuelekea mbele. Kampuni ya Sierra, ambayo vichwa vyake vya mashindano ninavipenda kwa karatasi kuliko vya mtu yeyote, yenyewe inawaambia wateja wasivitumie kuwindia. Wapo wanaovitumia na kusimulia mafanikio. Mimi nimeshika vyote viwili mkononi na nasema mtu amsikilize aliyekitengeneza.

Sehemu ya pili ya hesabu ni namna kichwa kinavyoihifadhi kasi yake njiani. Hapa umbo ni muhimu kuliko unene. Kichwa chembamba kirefu, chenye ncha kali na kitako kilichopunguzwa kama cha mashua, huipasua hewa kwa urahisi. Kile kifupi na butu hugombana nayo kila mita. Chukua mfano wa risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, na kichwa chake kirefu cha greni 143. Kinatoka na mita 823 kwa sekunde, mwendo ambao si wa kutisha, lakini kwenye mita 450 na kidogo bado kina kama 618. Kichwa butu cha greni 150 cha .308 kinatoka mbele yake na mita 860, na kwenye umbali huohuo kimeshuka hadi karibu 500 au chini ya hapo. Wa kwanza kutoka amekuwa wa mwisho kufika, na hilo halionekani popote kwenye bei wala kwenye picha ya kulungu iliyochapwa kisandukuni.

Faida yake kubwa zaidi iko kwenye upepo, na juu ya upepo mtu wa Mombasa ana la kusema. Tumelelewa na kusi na kaskazi, tunajua matlai na umande kabla ya kujua kusoma, na mvuvi yeyote wa Likoni anaweza kukwambia upepo uko wapi akiwa amefumba macho. Uwanjani kwetu, kusi inapokaza mwezi Julai, nimeona vikundi vya matundu vikihama kutoka katikati ya karatasi hadi nje ya fremu bila mlengaji kubadilisha kitu. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipiga ubavuni hukisogeza kile kichwa kirefu cha greni 143 karibu sentimita 40 kwenye mita 457. Kile butu cha .308 hukisogeza zaidi ya sentimita 80. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa sentimita 20 hadi 25. Mtu anaweza kupima umbali kwa kifaa cha leza bila kukosea hata mita moja, na anaweza kujua kichwa kitadondoka sentimita ngapi, lakini upepo wa bondeni, ambao hausikii pale ulipolala, ataukadiria tu. Kichwa kinachosogea kidogo kinamsamehe anapokadiria vibaya.

Tena kuna muda. Kichwa kile cha greni 143 huchukua kama sekunde 0.64 kufika mita 457. Kulungu anayetembea polepole anaweza kuwa amepiga hatua ya sentimita 70 au zaidi katika muda huo, na kichwa kilicholengwa mapafuni kikaingia tumboni. Hakuna fundi wa Marekani wala wa Ujerumani atakayetengeneza kichwa cha kuondoa jambo hilo. Kwa hiyo, tulipokuwa bado tunabishana juu ya vichwa, nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba umbali utapunguzwa.

Ndani ya mtutu pia mna sharti lake. Michirizi iliyozungushwa humo hukifanya kichwa kizunguke kama pia, na pia isiyozunguka vya kutosha huyumba na kuanguka. Mtutu wa kawaida wa 6.5 Creedmoor humaliza duara moja kila inchi 8, maana yake kichwa hutoka kikizunguka zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde. Kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji mzunguko wa haraka zaidi. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, gramu 8.96 kwa kila sentimita ya ujazo dhidi ya 11.34, na kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule ni kirefu zaidi. Mwenye bunduki ya zamani ya .270, yenye duara moja kila inchi 10, akinunua kichwa cha shaba kizito kabisa alichokiona kwenye rafu, anaweza kushangaa kuona matundu ya ubavuni kwenye karatasi. Anayehamia shaba ashuke uzito kidogo.

Kwa nini basi ahamie shaba, ikiwa ndiyo iliyomponza mpwa wangu? Hapa ndipo tulipotofautiana, na ndipo nilipokuwa mkali kuliko kawaida yangu. Yeye alitaka kurudi kwenye madini. Mimi nilimkumbusha kijiji cha Owino Uhuru. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa madini ya risasi ni nini. Tumeyaona yakiingia katika damu ya watoto wa kijiji kizima, upande wa magharibi wa mji wetu, kutoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alipigania jambo hilo hadi akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Madini haya hayana kiasi kilicho salama kwa mtoto. Kichwa cha madini kinapochanua kwa mwendo mkubwa hutawanya vipande vidogo sana, na picha za eksirei za mizoga zimevionyesha mbali na tundu la jeraha, mahali ambapo kisu cha mchinjaji hakifikirii kukata. Huko California, ambako tai wakubwa waitwao kondori walikuwa wakifa kwa kula mizoga yenye vipande hivyo, madini yamekatazwa kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Nebraska haijakataza. Lakini mpwa wangu ana watoto wawili, mdogo hajafika miaka mitatu, na kulungu mmoja huliwa nyumbani kwao miezi mitatu. Nilimwambia kwamba sitaki mjukuu wangu ale kitu ambacho watu wa Owino Uhuru walikwenda mahakamani kwa ajili yake. Alinyamaza, kisha akasema, "Haya, mjomba. Shaba. Lakini tuchague vizuri."

Suala la uhalali wa nyama lilikuwa limeshamshughulisha kabla ya yote haya, na nilimpeleka kwa simu kwa sheikh aliyetusomesha sote wawili madrasa. Sheikh alimweleza kwamba mzizi wa jambo ni majibu ya Mtume kwa sahaba Adiy bin Hatim juu ya kijiti cha kurusha: kilichopenya kwa ncha kinaliwa, na kilichoua kwa ubavu, kwa kugonga, ni kama mnyama aliyepigwa hadi kufa, ambaye Surat al-Maida imemharamisha. Wanazuoni wa zamani walisitasita sana juu ya tufe la udongo, ambalo kwa Kiarabu ndilo lililoitwa bunduqa na kutuachia neno bunduki, kwa sababu lilivunja bila kutoboa. Wengi wa siku hizi wameruhusu risasi ya bunduki kwa kuwa hupenya na kumwaga damu. Apige bismillahi anapofyatua, na akimkuta yuko hai amchinje upesi. Mimi, niliyekuwa nikisikiliza pembeni, niliona jinsi masharti hayo yanavyokaribiana na yale ya kichwa kizuri: kipenye, kimwage damu, na mnyama apatikane karibu.

Basi tukachagua. Alinunua 6.5 Creedmoor yenye mtutu wa inchi 24, na kichwa cha shaba cha greni 127, yaani gramu 8.2, kirefu na chenye ncha ya plastiki inayosaidia kukifungua. Mtengenezaji anasema kinahitaji mita 550 kwa sekunde. Kwenye mtutu wake kilipimwa mita 853. Tuliongeza akiba ya mita 60 juu ya kiwango cha mtengenezaji, kwa sababu baruti huchoka kidogo kwenye baridi na Novemba ya huko huganda maji ndooni, na hesabu ikatupa umbali wa mita 420. Halafu nikamwomba akate hadi 350. Kwenye mita 350 kichwa kinafika na karibu 650 kwa sekunde, upepo ule wa kilomita 16 unakisogeza sentimita 27 tu, na bunduki yake, ambayo hutoboa ndani ya sentimita tatu kwenye mita 100, inabaki ndani ya 11 hivi. Alibandika utepe mweupe ubavuni mwa kitako na kuandika 350 kwa kalamu ya wino mzito.

Mwaka uliofuata nilisafiri, nikawa naye katika siku zote tisa za msimu. Sikubeba bunduki. Nilivaa fulana ya rangi ya chungwa kama sheria inavyowataka wawindaji, nikabeba darubini ya mkono na chupa ya chai ya tangawizi, na tukalala kifudifudi kwenye nyasi za Sandhills, vilima vya mchanga vinavyoenda mpaka jicho linachoka. Nyumbani uwanja wetu uko usawa wa bahari. Pale tulikuwa juu kwa zaidi ya mita 900, hewa nyepesi na baridi, na ilibidi tupime upya kila kitu badala ya kuamini jedwali. (Watu wa kwetu wengi hudhani unyevunyevu wa pwani hukizuia kichwa. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kinachokizuia zaidi huku ni kwamba tuko chini.)

Siku ya pili, jioni, lilitoka dume kubwa, pembe zake nikazihesabu matawi kumi. Mpwa wangu alilipima kwa leza. Mita 408. Lilikuwa limesimama ubavu, limetulia, na upepo ulikuwa karibu umekufa. Kwa hesabu tupu lilikuwa ndani ya uwezo wa kichwa kile. Aliliangalia kupitia darubini ya bunduki kwa muda mrefu, kidole kikiwa nje ya kifyatulio, kisha akasema bila kunigeukia, "Na aende." Likaenda. Sikuwahi kujivunia kijana yeyote kama nilivyojivunia yeye pale.

Siku ya tano, saa moja kasoro robo asubuhi, majike manne yalishuka bondeni. La mwisho lilisimama kwenye mita 240. Nilisikia bismillahi, kisha mlio. Jike lilikimbia kama mita 35, likapunguza mwendo, likalala. Tulipolifikia lilikuwa limekwisha kufa, na njia yake juu ya barafu nyembamba ya asubuhi ilionekana wazi, damu kila hatua. Tundu la kuingilia lilikuwa dogo kama la yule wa mwaka uliopita. La kutokea liliingia vidole vyangu viwili. Mapafu yote mawili yalikuwa yamekwisha, na nyama tuliyoikata na kuitupa kandokando ya jeraha haikujaa kiganja.

Jioni hiyo mkewe alipika mchuzi wa nazi ya kopo, na watoto wakala. Mpwa wangu alikaa mezani akisafisha mtutu, kisha akafungua daftari na kuandika umbali, upepo, joto la asubuhi na hatua alizokimbia mnyama. Kisanduku cha risasi alichobakiza alikifunga kwa utepe na kunakili juu yake namba ya furushi la kiwandani, kwa sababu furushi jingine linaweza kutoka na mwendo tofauti, na itabidi lipimwe upya kabla ya Novemba nyingine.